Kutotoa Vifaranga Nyumbani Bukavu: Siku 21 za Kulinda Joto

Kabla ya kununua kuveze (mashine ya kutotoa mayai), tundika karatasi karibu na mlango, na kwa wiki nzima andika saa ambayo umeme unakatika na saa ambayo unarudi. Usiruke usiku, maana giza refu la usiku ndilo linalopoteza mayai ya watu. Wiki ikiisha utajua giza refu kuliko yote nyumbani kwako huchukua saa ngapi. Nambari hiyo ndiyo itakayokuonyesha utafute betri gani na uanze na mayai mangapi.

Nasema hivi kwa sababu hapa Bukavu nimeona mashine nzuri zikisukumwa chini ya kitanda baada ya mzunguko mmoja tu. Mwenye mashine husema, «Imeniibia.» Ukimuuliza joto lilikuwaje usiku ule umeme ulipokatika, hajui. Mimi mwenyewe mzunguko wangu wa kwanza niliweka mayai 48, wakatoka vifaranga 5. Siku ya 16 jioni umeme ulikatika, nikaogopa baridi, nikaingiza ndani ya boksi kopo la makala (makaa ya moto) niliyoyafunika kwa majivu. Nilipofungua baada ya saa moja, kipimajoto kilikuwa kwenye 42. Niliyaua mayai kwa kukimbia baridi, na baridi ile mayai yangeivumilia. Tangu siku hiyo nimejifunza joto kabla ya kujifunza kuku, na ndivyo nitakavyokuelekeza wewe pia.

Hatua ya 1: Boksi

Mashine ya dukani ya mayai 48 au 56 inafaa, hasa ile yenye vantilateri (feni) na inayogeuza mayai yenyewe. Ila nyingi hutaka umeme wa volti 220, na umeme ukikatika zinalala. Kwa mtu anayeanza, napendelea boksi la kujitengenezea linalotumia volti 12.

Tafuta boksi la frigoliti (lile povu jeupe gumu na jepesi) lenye kuta nene, lile linalobeba samaki wa barafu au dawa. Ndani funga ampuli (balbu) mbili za gari za wati 21, zile za taa za nyuma. Zisiwe LED, maana LED hutoa mwanga lakini joto lake ni dogo mno kwa kazi hii. Ziweke mbali na frigoliti, na uzizungushie kopo la bati ili zisiyeyushe ukuta wala kifaranga asije akaungua. Ongeza vantilateri ndogo ya ordinateri (kompyuta) ya volti 12, na termostati ndogo ya volti 12, yaani kifaa kinachowasha na kuzima ampuli kufuatana na joto, inayosoma sehemu ya kumi ya digrii. Toboa matundu manne chini na manne juu, kila moja upana wa kidole. Weka wavu wa kulazia mayai, na chini yake kisahani cha maji. Kwenye mfuniko kata dirisha dogo la kioo, ili usome kipimajoto bila kufungua.

Sasa unganisha hivi: chaja ikae kwenye umeme wa nyumba ijaze betri, na boksi litumie umeme wa betri saa zote, mchana na usiku. Umeme ukikatika, boksi halijui. Weka fyuzi kati ya betri na boksi. Waya za volti 12 nazo huwasha moto.

Hesabu yake ni hii. Ampuli mbili ni wati 42, lakini boksi zuri huziwasha karibu nusu ya muda, kwa hiyo pamoja na vantilateri unatumia kama wati 25. Betri ya volti 12 ya amperi-saa 100 ina wati-saa 1200, na betri ya asidi haipendi kutumiwa kupita nusu, basi una 600. Gawanya kwa 25, unapata saa 24. Sasa rudi kwenye karatasi yako ya mlangoni. Kama giza lako refu ni saa 10, betri ya nusu ya hiyo inakutosha. Kama ni siku mbili, tafuta paneli ya jua, au fanya kazi na kuku mwatamizi, na hilo si aibu hata kidogo: kuku mwatamizi mzuri hutotoa kuliko mashine yangu.

Ndani ya boksi, kwenye kona, weka chupa mbili au tatu za maji za lita moja, zimejaa na kufungwa. Zikishapata joto la boksi zinalishika, na ukifungua kugeuza mayai joto linarudi upesi. Ni kitu kidogo kilichonisaidia kuliko vingi.

Hatua ya 2: Usiamini kipimajoto

Vipimajoto vingi vya bei nafuu hudanganya kwa digrii moja au mbili, na kwa yai digrii mbili ni uhai. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, tumbukiza kipimajoto cha homa cha farmasi pamoja na kile cha boksi, ncha zao zikae pamoja katikati ya maji. Koroga polepole na usubiri. Kile cha homa kikisoma 37,5 na cha boksi 38,6, basi andika kwenye plasta, ubandike juu ya boksi: «Toa 1,1». Usijaribu kukipima kwa maji yanayochemka ukitegemea 100. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1460 juu ya bahari na nyumba zetu ziko juu zaidi, kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye digrii kama 95.

Kipima unyevu nacho kina jaribio lake. Weka chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe kwa matone machache mpaka iwe kama uji mzito, kisha ifunge pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Kesho yake kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, unajua kinapunguza 7.

Washa boksi tupu siku mbili kabla ya kuweka mayai. Lenye vantilateri liweke 37,5 hadi 37,8. Lisilo na vantilateri liweke karibu 38,5, ukipimia usawa wa mgongo wa mayai, kwa sababu hewa isiyozunguka huwa moto juu na baridi chini.

Hatua ya 3: Mayai

Mayai ya dukani ya kuku wa kizungu hayatotoi kama kuku hao hawakukaa na jogoo, na wengi hawakai naye. Chukua kwa mfugaji unayemjua, jogoo mmoja kwa matembe 8 hadi 10, na jogoo awe ameshakaa nao si chini ya siku kumi. Mayai ya Kuroiler, kuku chotara wa kisasa, hutotoa, ila wale ni mchanganyiko: watoto hawatafanana wote na wazazi, wala hawatakua sawa.

Yai zuri lina umri usiozidi siku 7. Chagua la ukubwa wa kati, lenye umbo la kawaida, lisilo na ufa. Usilioshe. Ganda lina utando wa kulilinda, na maji huuondoa na kusukuma uchafu ndani. Lenye kinyesi kingi liende jikoni. Ukiwa unakusanya, yaweke kwenye plato (trei ya mayai) ncha nyembamba ikiwa chini, katika chumba chenye ubaridi cha digrii 15 hadi 18. Baridi ya Bukavu inayotutesa kwa vifaranga hapa inatusaidia: chumba cha nyuma kisichopigwa na jua kinafaa hivyo hivyo, bila friji.

Mayai yaliyotoka mbali, kwa boti kutoka Idjwi au kwa pikipiki kutoka Walungu, yapumzike saa 24 kabla ya kuingia. Barabara inatikisa, na kile kifuko cha hewa cha ndani kinahitaji kutulia.

Andika kwa penseli X upande mmoja na O upande wa pili. Kisha chagua mayai kumi, uyatie alama, uyapime pamoja kwenye mizani ndogo ya gramu, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu. Andika uzito. Nitarudi hapo.

Hatua ya 4: Siku ya 1 hadi ya 18

Geuza mara tatu au tano kwa siku. Hesabu isiyogawanyika kwa mbili ni nzuri kwa sababu upande unaolala usiku mrefu hubadilika kila siku. Asubuhi X juu, mchana O, usiku X. Nawa mikono kwanza. Usipogeuza, mtoto hushikamana na utando wa yai na kufa humo.

Unyevu ushike kati ya 45 na 55. Lakini mizani ni shahidi mzuri kuliko kipima unyevu. Yai linapaswa kupoteza asilimia kama 12 ya uzito wake hadi siku ya 18, na huo ni unyevu unaotoka kupitia vitundu vya ganda. Mayai yako kumi yakiwa na gramu 450 siku ya kwanza, siku ya 9 yawe karibu 423, na siku ya 18 karibu 396. Yakipungua kuliko hapo, ongeza upana wa kisahani. Yasipopungua, punguza maji. Huku milimani hewa ni nyepesi na yai hukauka upesi kuliko pwani, kwa hiyo wengi wetu huongeza maji. Hewa nyepesi ina oksijeni kidogo pia, basi matundu yasizibwe, hasa kuanzia wiki ya pili.

Usiku wa siku ya 7, zima taa zote. Kata tundu dogo kwenye kipande cha karto (karatasi ngumu ya boksi), liweke juu ya tochi ya simu, na ulaze yai hapo upande wake mnene. Yai lenye mtoto linaonyesha mishipa myekundu iliyotanda kama utando wa buibui, na katikati kidoa cheusi. Ukitulia, utaona kidoa kikijisukuma. Mara ya kwanza nilipoona hivyo niliwaita watoto wote kitandani waje waone, na hadi leo wananiuliza usiku wa tochi ni lini. Yai lililo wazi kama chungwa halikurutubishwa. Lenye duara la damu bila mishipa limekufa. Yatoe yote mawili, yasije yakaoza na kupasuka. Ukiwa na shaka na yai, litie alama ya kuuliza na uliangalie tena siku ya 10. Siku ya 14 na ya 18 rudia. Siku ya 18 yai linakuwa jeusi lote isipokuwa kifuko cha hewa juu, kama theluthi ya yai.

Umeme ukikatika na huna betri

Kwanza, tulia. Mtoto wa yai huvumilia baridi kuliko moto. Joto likishuka hadi 30 kwa saa chache, mayai mengi huendelea, ila yatachelewa kutotoa. Joto likipanda hadi 40 na kukaa hapo, yanakufa.

Usifungue mfuniko. Funika boksi kwa blanketi, ukiacha matundu yapumue, na katika siku za mwisho uyaache wazi zaidi: vifaranga waliokomaa hutoa joto lao wenyewe na wanataka hewa nyingi. Giza likipita saa mbili, chemsha maji, yachanganye na ya baridi hadi mkono uweze kuyavumilia kwa shida, yajaze kwenye chupa za plastiki, zizungushie kitambaa, ziingize pembeni bila kugusa mayai. Badilisha kila zinapopoa na soma kipimajoto kila nusu saa. Kikifika 38, toa chupa moja.

Mbabula (jiko la makala) isiingie ndani ya boksi, wala isikae kwenye chumba kilichofungwa na watu wamelala. Moshi wa makala usioonekana unaua familia nzima. Kwa ajili ya mayai thelathini, nakuomba sana, usijaribu.

Hatua ya 5: Siku tatu za mwisho

Siku ya 18 acha kugeuza. Tandika kitambaa chenye kukwaruza juu ya wavu, laza mayai, ongeza maji hadi unyevu ufike 65 au 70, na funga. Siku ya 20 weka sikio karibu: utasikia sauti ndani ya mayai kabla hujaona ufa. Halafu tundu dogo hutokea, na pale wengi huharibu. Tangu tundu la kwanza hadi kifaranga kutoka zinaweza kupita saa 24. Amepumzika, anavuta ndani damu ya utando na kiini cha mwisho cha yai. Ukimmenya, anatoka damu. Kila unapofungua mfuniko, unyevu unatoroka na utando wa wenzake unakauka na kuwabana.

Kiini alichokivuta kinamtosha siku mbili bila chakula, kwa hiyo mwache ndani akauke na kuwa manyoya mepesi. Kama umeme ulikatika sana, ngoja hadi siku ya 23 kabla ya kuyatupa yaliyobaki. Mzunguko wangu wa pili, mayai 30, wa kwanza alitoka siku ya 21 asubuhi na wa mwisho siku ya 22 usiku. Walikuwa 21.

Mayai ambayo hayakutotoa yavunje nje ya nyumba, uangalie. Waliokomaa kisha wakafa wamelowa, unyevu ulizidi. Waliokauka na kushikamana na utando, unyevu ulipungua. Wengi waliokufa siku za kwanza, kagua joto na umri wa mayai.

Hatua ya 6: Wiki za kwanza

Chumba cha vifaranga kiwe tayari kabla hawajatoka. Duara la karto, sakafu ya randa ya mbao kavu. Gazeti tupu linateleza na kuwapanua miguu. Wiki ya kwanza joto chini ya taa liwe 32 hadi 35, kisha punguza digrii kama 3 kila wiki. Usiku wetu hushuka hadi 15 au chini yake, kwa hiyo usiondoe joto kabla ya wiki ya tano au ya sita, hasa kipindi cha mvua. Wasome wenyewe: wakirundikana wana baridi, wakikimbilia ukutani na kuacha mdomo wazi wana joto, wakitawanyika na kula, umepata. Ukikosa umeme, bidoni la lita 5 la maji moto lililofungwa kwa kitambaa linakuwa mama yao wa usiku. Banda zima litandikwe wavu wenye matundu madogo. Panya wa mjini huchukua vifaranga kumi kwa usiku mmoja.

Maji kwanza, chakula baadaye. Chovya mdomo wa kila kifaranga kwenye maji ya uvuguvugu, na kwenye chombo cha maji weka vikokoto ili asizame.

Chakula cha kwanza kiwe na protini ya asilimia kama 20. Kwa kilo 100 mimi nachanganya mahindi yaliyosagwa 60, soya 20, sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) wakavu waliosagwa 10, pumba za ngano 8, mifupa iliyochomwa na kusagwa kilo moja na gramu 700, chumvi gramu 300, na vitamini za farmasi ya mifugo naziweka kwenye maji. Soya ikaangwe hadi harufu igeuke. Soya mbichi inazuia tumbo kusaga protini, na vifaranga hudumaa wakiwa wanakula. Mahindi yenye ukungu usiwape hata kama ni ya bure. Dreshi ya bia (machicha yanayobaki kiwandani) waachie nguruwe, ina makapi mengi kwa tumbo la kifaranga.

Hatua ya 7: Chanjo

Kideri ndicho kinachomaliza kuku wa mtaa mzima, na hakina dawa. Siku ya 7 toa chanjo ya kideri, ya Gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi wa vifaranga) siku ya 14, rudia kideri siku ya 21 na Gumboro siku ya 28, kisha kideri kila miezi mitatu. Veterineri (daktari wa mifugo) wako anaweza kusogeza siku kufuatana na chanjo aliyonayo, mfuate.

Chanjo hizi ni vijidudu hai. Zinakaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8 tangu farmasi hadi kwako, kwa termosi yenye barafu. Maji ya bomba ya REGIDESO (shirika la maji) yana klorini inayoziua, kwa hiyo changanya kwa maji ya mvua safi, au tia kwenye kila lita gramu 2,5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta na usubiri dakika ishirini. Wanyime maji saa mbili kabla, ili chanjo yote iishe ndani ya saa mbili. Chupa moja huwa na dozi mia au zaidi, nawe una kuku thelathini. Pita kwa majirani siku moja kabla: «Mama, kesho saa moja asubuhi nafungua chupa, wa kwako wako wangapi?» Mkichangia, bei inakuwa ndogo, na ugonjwa hauruki ukuta kurudi kwako.

Kati ya wiki ya 3 na ya 6 angalia kinyesi. Chenye damu ni koksidiozi, ugonjwa wa matumbo, inayoletwa na randa iliyolowa. Toa randa yote siku hiyo hiyo, na uwape dawa ya amprolium kwenye maji kama karatasi yake inavyosema.

Wiki ya 8 watakuwa na manyoya kamili na wanaweza kutoka nje mchana. Karibu nusu watakuwa majogoo. Chagua mmoja au wawili wenye miguu imara na wenye bidii ya kuchakura. Waliobaki walishe peke yao hadi wauzwe. Yule utakayemwachia matembe asiwe ndugu yao: badilishana na mfugaji wa mtaa mwingine, jogoo kwa jogoo, na mgeni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuingia bandani.